Miezi minne ya vidonge vya vitamini

Nina kisukari, na jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, aliniambia sukari ikizidi damu hushika kutu, na dawa yake ni vitamini C na E kwa wingi. Kuhusu kutu hakukosea sana, ndiyo maana nilimsadiki. Sukari ikijaa, seli huzidiwa nayo na kutoa radikali huru nyingi, yaani chembe zisizotulia zinazoumiza mishipa ya damu, macho na figo. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidi.

Basi kila mwezi nilitoa elfu mbili na ushee kwa ajili ya chupa za vitamini hizo, na metformini, dawa yangu ya kushusha sukari, nikameza siku nilizoikumbuka. Baada ya miezi minne, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 8.9 hadi 10.8.

Daktari hakunigombeza. "Mama, sukari yenyewe ndiyo inayozaa hiyo kutu. Tuishushe kwanza." Akanieleza kuhusu utafiti wa HOPE wa mwaka 2000: watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi yao wenye kisukari, walifuatiliwa miaka minne na nusu hivi, na waliomeza vitamini E walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa kiwango kilekile kama wasioimeza. Iliniuma, nikikumbuka pesa zangu.

Nikarudia dawa kila siku, ugali nikaupunguza, jioni natembea. Vitamini sasa natafuta sokoni Kibuye: osuga (mnavu), dek (mgagani), na mapera, ambayo yana vitamini C kushinda machungwa. Matunda nakula kwa kiasi, maana nayo yana sukari. Mboga siichemshi nikamwaga maji, kwa sababu vitamini C huenda na maji hayo.

Lakini acha niwaambie la Jumapili moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionya. Nilimenya chungwa, nikala vipande viwili, mara kichwa kikawa chepesi. Nikajipima sukari kwa tone la damu ya kidole: 21.3! Nikapangusa kidole kwa spiriti, nikarudia: 17.8. Mikono ilitetemeka. Mwanangu akaita bodaboda, nami nikatafuta leso na kadi ya kliniki. Binti yangu akanishika mkono akasema, "Mama, vidole vyako vinanukia chungwa." Akaniburuta hadi kwenye karai, nikanawa kwa sabuni, nikajikausha vizuri, nikatoboa kidole kingine. 8.2! Maji ya tunda yaliyobaki kwenye ngozi yalikuwa yamechanganyika na tone la damu, na spiriti haikuyatoa. Yule wa bodaboda nilimpa hamsini kwa usumbufu. Ukinawa na bado iko juu hivyo, usikae nyumbani, nenda hospitali.

Mwezi uliopita kile kipimo cha miezi mitatu kilisoma asilimia 7.1. Nilimpelekea jirani kadi aione kwa macho yake, maana naye ana sukari na bado anameza zile za chupa peke yake. Amekubali twende naye kliniki Jumanne.