Albamu za nyanya: diski imeanza kusitasita

Jumamosi usiku

Picha zilizoskaniwa zimefika 1,340. Nilikuwa nimeingia folda ya harusi ya wazazi, na ikachukua karibu dakika nzima kufunguka. Kisha nikasikia: tk, tk, kimya, halafu diski ikaanza kuzunguka upya. Picha moja ilifunguka nusu tu. Juu yuko shangazi na kilemba chake, kuanzia mabegani kwenda chini ni kijivu kitupu.

Nikazima kompyuta hapo hapo. Diski ikikutana na sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) isiyosomeka huirudia tena na tena, na kama kichwa cha kusomea ndicho kinachokufa, kila marudio yanakimalizia nguvu. Picha nyingine zote ziko humo humo, na nakala sina. Nililijua hilo miezi saba nzima na nikaliacha.

Jumatatu

Nimeipeleka kwa fundi pale Luthuli Avenue. Akaichomeka, programu yake ikasema diski imefaulu. "Hii iko sawa, boss. Tuifomati tu, itarudi poa."

Nimekataa, na nataka kueleza kwa nini. Hukumu ya "imefaulu" hutolewa kwa kupima viwango alivyoviweka mtengenezaji mwenyewe, na viwango hivyo ni vya chini mno. Diski inaweza kushindwa kusoma mafaili yako na bado ikafaulu. Kufomati ni kubaya zaidi. Ukiandika upya juu ya sekta inayosubiri kuamuliwa, yaani iliyoshindwa kusomeka, diski ama huikubali tena ama huibadilisha na ya akiba, hesabu ya zinazosubiri inashuka, na wewe unaamini imepona. Picha iliyokuwa humo haipo tena.

Jioni nikaiwasha kompyuta kwa mfumo wa Linux ulio kwenye flashi, bila kuigusa Windows iliyo ndani ya diski, nikaendesha smartctl, programu inayosoma hesabu ambazo diski yenyewe huweka kuhusu afya yake. Nimeandika daftarini:

namba 5 (sekta zilizobadilishwa): 0
namba 9 (saa za kuwashwa): 19,406
namba 197 (sekta zinazosubiri): 24
namba 199 (makosa ya mawasiliano): 312

Saa 19,406 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mfululizo, lakini umri pekee haunitishi. Ile 312 ndiyo iliyonishtua kwanza, kumbe ndiyo isiyo na neno: namba 199 mara nyingi ni kebo. Nimebadilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na kompyuta. Hesabu hiyo hairudi sifuri kamwe, kwa hiyo cha kutazama ni kama itapanda tena. Ya 197 ndiyo ugonjwa wenyewe.

Jumatano

Nimenunua diski mpya, kubwa kuliko ya zamani, na kuanza kunakili kwa ddrescue, programu ya kuokoa data. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii pabaya. Inazoa kwanza sehemu zilizo nzima, inaruka zinazokwama, halafu inazirudia mwishoni, na kila hatua inaiandika kwenye faili la ramani. Saa mbili usiku stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi niliendesha amri ile ile, ikaendelea ilipoachia. Ramani hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye diski mpya, si kwenye mgonjwa.

Ijumaa

Imekwisha. Hazikusomeka sekta 40, yaani baiti 20,480. Nikasoma namba upya: 199 bado 312, kweli tatizo lilikuwa kebo. 197 imetoka 24 hadi 40. Zote mbili zinagawanyika kwa 8, kwa sababu kwenye diski hii sekta moja halisi ya baiti 4,096 huhesabiwa kama sekta nane za baiti 512. Kwa hiyo tangu Jumatatu vimekufa vipande viwili vingine. Ningekuta 24 ile ile wiki tatu mfululizo, ningeiweka diski kwa kazi ndogo ndogo. Inayopanda ndani ya siku nne siiamini tena.

Baada ya nakala kukamilika, si kabla, ndipo nikaendesha jaribio refu la smartctl. Likasimama njiani: kosa la kusoma.

Na sifuri nazo zisikulaze usingizi. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 kwamba zaidi ya nusu ya diski zao zilizokufa hazikuwa na hata hesabu moja kwenye dalili nne walizoziona kuwa za nguvu. Ndiyo maana leo nimetengeneza nakala ya pili, nayo inakwenda kukaa kwa kaka yangu Donholm.

Diski ya zamani nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: "197 = 40, USITUMIE". Kilichoharibika ni faili moja tu, lile la shangazi. Albamu yenyewe iko Kayole. Kesho asubuhi naifuata, niiskani ile picha upya.