Njiti ya Tatu

Jaribio lenyewe lilikuwa dogo: washa moto kwa njiti mbili tu za kiberiti, bila karatasi, bila mafuta. Nilikuwa na miaka 14, kiongozi wa kikosi cha skauti shuleni, na kuni zilikuwa zimelowa umande. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili iliunguza majani makavu, ukafuka moshi, basi. Mfukoni nilikuwa na ya tatu.

Mwalimu wetu alikuwa amesimama mbali kidogo, katupa mgongo. Moto ulipokolea, akaja.

"Njiti ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

Akaandika. Hakutafuta vijiti vilivyoungua. Sheria ya kwanza husema skauti ni mwaminifu, kwa hiyo neno lako linatosha. Jioni ile nikaishona beji kwenye mkono wa shati.

Wengi huwaona skauti siku za sherehe tu, skafu shingoni, wakipiga gwaride mbele ya mgeni rasmi, wakadhani kazi yao imeishia hapo. Zipo na shule zinazodhani hivyo. Lakini Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. Mpango huo ndio ulioninasa, maana Jumamosi iliyofuata mtahini nilikuwa mimi.

Mdogo kuliko wote kikosini alichuchumaa, akachonga vibanzi vyembamba kama nyuzi, akavipanga kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo. Nilikwenda kuteka maji ya kuzimia. Narudi, moto unawaka.

"Njiti ngapi?"

Akainua vidole vitatu. Mara ya kwanza nilidhani ananipigia saluti.

"Tatu, kaka. Moja ilivunjika, nikaomba nyingine."

Nikaandika: hajafaulu. Beji ilikuwa kwenye mkono uleule ulioshika kalamu.

Nikamfuata mwalimu. Hata sijamaliza kueleza, akasema, "Nilisikia ukikwaruza mara tatu. Masikio ninayo." Hakuniadhibu, wala hakuidai beji. Alirudi kukunja mahema yake, jambo lililonikera sana siku ile, fimbo ningeielewa.

Usiku nikaifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Yule mdogo alifaulu wiki moja kabla yangu. Ya kwangu nikaishona palepale, juu ya matundu ya sindano ya kwanza.