Nilivyopata kazi Japani kwa Kiswahili

Nilitua Tokyo Oktoba 2016 kwa viza ya kusoma lugha, nikiwa na shahada ya biashara niliyoipata nyumbani na imani kubwa kwa Kiingereza changu. Imani hiyo haikumaliza mwezi. Kiwandani nilikopata kibarua cha usiku, kupanga wali na samaki kwenye visanduku vya bento, Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Vijana wa Nepali na Vietnam walimjibu msimamizi kwa Kijapani, mimi nikibaki kutikisa kichwa.

Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki, tena baada ya kuomba kibali, na ukiwa na vibarua viwili saa zinajumlishwa. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alizidisha. Alipoomba kubadili viza, karatasi zake za kodi zilimuumbua, akarudi kwao.

Julai 2017 nikafaulu mtihani wa Kijapani wa ngazi ya N3, yaani ya kati, nikaanza kusaka ajira. Wasifu wao huitwa rirekisho. Mwalimu alisisitiza niuandike kwa mkono: ukikosea herufi moja hakuna kufuta, unachukua karatasi mpya. Nilipeleka maombi 13, kote nikijinadi kwa Kiingereza. Barua za kukataliwa zina adabu hadi unacheka, kwani mwishoni kampuni inakuombea mafanikio. Nikawa mtu wa kuombewa dua tu.

Mwokozi wangu alikuwa mama mmoja wa dirishani Hello Work, ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi, katika kituo cha wageni cha Shinjuku. Aliuliza kwetu tunaongea nini. Nikasema Kiswahili, kwa haya kidogo. Akauliza tena: huko magari yanapita upande gani wa barabara? Nilidhani anapiga soga. Kumbe alikuwa na nafasi kwa muuza magari yaliyotumika huko Yokohama.

Kwenye usaili bosi hakuuliza mengi. Alinipa simu, upande wa pili yuko mteja wa Dar es Salaam, amefura: "Kaka, hela nimetuma tangu Jumanne, gari langu liko wapi?" Nikampa pole, nikachukua namba ya chesisi, nikamweleza bosi kwa Kijapani cha kuungaunga. Gari lilikuwa bado yadi, linasubiri meli. Niliporudisha simu, bosi alikuwa ameshaanza kuniuliza habari za viza.

Hapo ndipo wengi hukwama. Viza ya kazi za ofisini hudai shahada au uzoefu wa miaka 10, na kazi ihusiane na ulichosomea. Cheti changu halisi kilikuwa Tanga, kabatini kwa mama; kikasafirishwa mkononi mwa mtu. (Asiye na shahada sasa ana njia nyingine iliyofunguliwa Aprili 2019: kulea wazee, migahawa, kilimo na kadhalika, kwa mtihani wa ujuzi na Kijapani cha ngazi ya N4, moja chini ya N3.)

Machi 2018 ikaja postikadi ya uhamiaji. Nikalipia stempu ya yeni 4,000, nikapewa kadi mpya ya ukaazi.

Aprili, wiki yangu ya kwanza ofisini, yule mteja wa Dar akapiga. Gari limefika, anashukuru, ila redio inamsemesha Kijapani kila akiwasha. Nikamwambia apige picha vitufe vyote anitumie.