Chumvi ndani ya gitaa

Harusi ilikuwa Ijumaa ya Mfungo Mosi, na Jumatano usiku, tukiwa mazoezini, gitaa langu likanyamaza. Halikunyamaza kwa mara moja. Lilianza kwa kukwaruza kila nilipogusa kitufe cha volyumu, kisha sauti ikawa inakuja na kupotea, mwisho ukabaki mvumo mtupu. Nilipiga nyuzi zote sita, spika haikujibu. Mpiga kinanda wetu alisema pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti, zimeungua, nyingine zitafutwe Mombasa. Kutoka hapa Lamu, Mombasa ni kuvuka maji hadi Mokowe, kisha safari ndefu ya basi, na pesa za pikapu tatu hatukuwa nazo.

Gitaa lenyewe lilikuwa la muundo wa Stratocaster, ambao Fender waliutoa mwaka 1954 na viwanda vingi vikauiga. Langu lilikuwa miongoni mwa hayo ya kuigwa, jina la kiwanda limeshafutika, lakini mpango wa ndani ni ule ule: pikapu tatu, swichi ya kuchagua pikapu, volyumu moja, toni mbili. Najua Lamu ni mji wa udi, ile ala ya nyuzi. Zein l'Abdin alizaliwa hapa, na udi hauna haja ya waya. Lakini mimi tangu utotoni nilipenda namna gitaa la umeme linavyojibizana na kinanda kwenye taarabu ya harusi, pale mwimbaji anapopumzika na wanawake wanasimama kutunza. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo, na harusi bila gitaa niliona ni harusi yenye pengo.

Alhamisi asubuhi nikalipakata, nikapita Usita wa Mui nikipishana na punda wa mawe na saruji, hadi Langoni kwa ami mmoja fundi wa redio.

"Sabalkheri, ami."

"Kheri, mwanangu. Ndoo, keti hapa. Hili lasumbuliwa ni nini?"

Nilipomweleza, aliniambia waziwazi kwamba gitaa la umeme hajapata kulifungua. Kisha akauliza swali ambalo wenzangu wote hatukuwa tumejiuliza: sauti yaanzia wapi? Nikamwambia ninavyojua. Chini ya nyuzi kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unaisumbua ile sumaku, na ndani ya waya panazaliwa umeme mdogo sana. Akatabasamu. "Ni dinamo, basi. Ndia ni moya: yende na irudi. Tutafute ilipokatika."

Tulifungua nyuzi, tukatoa parafujo za bamba la plastiki na kuligeuza. Nilidhani atashika chuma cha kulehemu palepale. Badala yake alichana ubavu wa katoni ya majani ya chai, akanipa kalamu, akanitaka nichore kila waya: rangi yake, unapotoka, unapoingia. Ilichukua muda, na alikuwa akinirudisha. Huu mweupe umeuruka. Huu mweusi waenda mgongoni mwa poti, kile kifaa kinachozungushwa na kitufe cha volyumu, si kwenye mguu wake. Nilipomaliza, kwa mara ya kwanza niliona kwamba nyaya nyeusi zote, za pikapu, za jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) na ule unaopita nyuma kwenda kwenye chuma kinachoshika springi za daraja, pale nyuzi zinapofungwa, zinakutana mahali pamoja: mgongoni mwa poti ya volyumu. Nyaya hizo hakuna anayezisikia. Sauti ikitoka, sifa huenda kwa pikapu.

Akaleta mita. Kwenye jeki, volyumu ikiwa imefunguliwa yote, ilisoma ukinzani wa karibu kiloomu 250. Alipogusa miguu ya pikapu zenyewe, moja baada ya nyingine, zote zilisoma kati ya 5 na 6. Mimi nilifurahi tu kwamba mita imeonyesha kitu, lakini yeye alinyamaza, akaitazama ile katoni. Kisha akanionyesha maandishi mgongoni mwa poti: B250K, yaani kiloomu 250 zile zile. "Pale kwenye jeki mita yaipima poti peke yake. Pikapu haionekani kabisa. Koili ni nzima zote. Kisichorudi ni huu waya mweusi."

Hapo ndipo nilipompenda mzee yule. Koili ya namna hiyo ina mizunguko zaidi ya 7,000 ya waya mwembamba kuliko unywele, na ikikatika popote mita haisomi kitu. Laiti tungetuma pesa Mombasa, tungeletewa pikapu mpya za kuunganishwa kwenye ugonjwa ule ule.

Akachukua kibanio, akagusa lile tone la lehemu lililoshika nyaya nyeusi za pikapu. Likanyanyuka lote, na nyaya zake. Chini yake poti ilikuwa na ukungu wa kijani. Tone lenyewe lilikuwa la kijivu, limefanya mgongo wa mviringo, kumaanisha kiwandani liliwekwa juu ya chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha. Lilikaa tu, halikushika. Waya wa jeki ulikuwa umelehemiwa kando kidogo, wenyewe mzima, lakini ulimi wa jeki nao ulikuwa na ukijani. Chumba changu kinatazama bahari, na wakati wa kusi upepo unaingia na chumvi yake hadi ndani ya makabati. Kiungo kilicholehemiwa vizuri kingestahimili. Hiki kilikuwa na mwanya, na chumvi ikaingia humo.

Alisugua mgongo wa poti kwa msasa hadi ukang'aa. Akajaribu chuma chake kidogo cha wati 25, kile cha redio, kisha akakiweka. Ganda la poti ni pana, linakunywa moto wote, nawe ukiendelea kuling'ang'ania unaunguza kaboni iliyomo ndani kabla lehemu haijayeyuka vizuri. Akachomeka kingine kikubwa chenye ncha bapa, cha kulehemu masufuria na mataa. Moto mwingi, muda mfupi. Alikifuta kwenye kitambaa kibichi, akakilaza bapa juu ya ganda, akagusisha lehemu si kwenye chuma bali kwenye ganda lenyewe. Kwa kitambo haikutokea kitu. Halafu ule uzi wa lehemu ukalegea, utomvu ukatoa moshi wenye harufu ya msonobari, na madini yakatambaa, yakatandaza kingo nyembamba zilizolala chini kabisa. Akaondoa chuma, akazuia pumzi.

"Usiutikise," alisema. Lehemu ya bati asilimia 60 na risasi 40 huganda kati ya digrii 190 na 183, na waya ukicheza katika hizo digrii chache kiungo hutoka chenye chembechembe, hafifu. Tuliutazama ung'aro wake ukitulia. Kisha akanisogezea kiti na chuma. Waya wa ethi wa daraja na miguu miwili ya jeki nililehemu mimi, yeye akiwa ameweka kidole mezani karibu na mkono wangu, tayari kunizuia, na hakunizuia.

Jeki aliisafisha kwa spiriti, akaukunja ulimi wake kidogo ili uibane plagi. Mita tena: 5.8. Tukaunganisha na amplifaya ndogo ya redio mbovu aliyokuwa nayo, nikagusa uzi wa tatu, na watu wawili waliokuwa barazani wakageuka.

Kabla sijaondoka alinishika mkono kwa jambo moja, na hili naliandika kwa kila anayepiga magitaa kwenye harusi zetu. Ule waya wa daraja ndio unaotuliza mvumo ukishika nyuzi, kwa sababu nyuzi zimeungwa na ethi ya amplifaya. Lakini kwa ndia hiyo hiyo, amplifaya ikiwa na hitilafu na soketi haina ethi, umeme wa nyumba utakuja mpaka vidoleni. Harusini tunavuta waya kutoka nyumba ya jirani, nao umeungwa mahali pengi kwa tepu. Akanipa tesita yake nijaribu kwanza ganda la amplifaya, kisha ndipo nishike nyuzi. Ijumaa nilifanya hivyo, na soketi ya kwanza tuliikataa.

Harusi ilipigwa hadi usiku mkubwa. Taa za mirija uani zilivuma ndani ya pikapu, kama zivumavyo kwa koili za aina hii, lakini niligundua kwamba nikigeuka pembe fulani, kifua kikielekea mlango wa daka, mvumo unapungua, basi nikapiga hivyo, na aliyekuwa akinitunza ilimbidi azunguke.

Wiki iliyofuata nilirudi tukaufunika uwazi wa ndani kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Lehemu ya kawaida haishiki aluminiamu, kwa hiyo ami aliibana kwa parafujo yenye ringi ya shaba, na waya akaulehemu kwenye ringi. Mvumo ukashuka sana. Mimi nilitaka pia kubadilisha kapasita ya toni, iliyokuwa ya mikrofaradi 0.047, niweke ya 0.022 ili nikifunga toni sauti isizame sana. Akaniambia nilisikilize kwanza gitaa lilivyo. Nililisikiliza hadi Maulidi yakapita, na nilipokuwa bado naitaka ile 0.022, alinipa ya redio ya zamani, nikailehemu mwenyewe nyumbani.