Noah, Mama J na ile Alphard nyeupe

Nilidhani hadi leo Jumapili lile neno la Mama J, jirani yangu ninayempa lifti asubuhi kwenye Noah yangu, lingekuwa limenitoka. Wapi. Nikiosha vyombo nalisikia, nikianua nguo nalisikia, hata kanisani asubuhi wakati wa matangazo nilijikuta nimelirudia midomo ikicheza, mpaka dada wa kwaya akanigeukia akidhani nasali.

Ijumaa ya wiki ile nyingine, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nimesimama nje ya geti la bluu kama kila siku ya kazi. Watoto nyuma wamesinzia na masweta yao, upepo wa Agosti umebeba vumbi lote la Kisasa hapa Dodoma na kulileta kwenye kioo changu. Mama J akatoka. Mkoba begani, hotipoti mkononi, J nyuma yake anaburuza begi. Akanijia upande wangu, nikashusha kioo.

"Jirani, umeamkaje?"

"Salama tu. Ingieni, tunachelewa."

"Aah, leo nimepata lifti. Sikutaka kukusumbua, jirani. Na wewe mwenyewe linakusumbua hilo."

Akaipapasa saiti mira ya Noah, taratibu, kama mtu anayemuaga mgonjwa wodini. Kisha akamshika J mkono, wakavuka barabara, wakaingia kwenye Alphard nyeupe iliyokuwa imeegeshwa pale muda wote, nami nikidhani imeleta wageni wa nyumba ya mbele.

Mimi nikasema, "Haya jirani, safari njema." Basi. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, ninayeendesha vikao ofisini, nikaishia hapo. Tangu siku ile nimeshatunga majibu ya kutosha kufungulia kitabu. Kuna la upole: "Hamna shida, jirani, likipona nitakustua." Kuna la kuchoma: "Afadhali umesema, maana mchango wa mafuta wa mwezi uliopita nilikuwa bado nauwaza." Hilo la pili nalipenda sana, ila najua nisingelisema hata kwa kushikiwa bunduki.

Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa yake: barua ya uhamisho wa baba watoto kwenda Singida imetoka kweli, mdogo wangu ametolewa mahari huko Kondoa, na ofisini tumeletewa bosi mpya. Yote nimeyapokea vizuri. Kilichonikaa kooni ni ile saiti mira.

Naye alikuwa na sababu, sikatai. Jana yake, Alhamisi, tulizima Nzuguni. Nilishaandika humu kwamba Noah imeanza tabia, ila huko nyuma ilikuwa inazimia sehemu za kistaarabu: nje ya duka la mkate, geti la shule, mara moja ndani ya uwanja wa kanisa. Alhamisi ikachagua barabara kuu ya Dar, jioni, siku za maonyesho ya Nanenane, foleni imetoka uwanjani mpaka huko Ihumwa. Mabasi yanayoingia stendi kuu yanapiga honi, bodaboda wanapita kila upenyo, na sisi katikati tumekuwa kisiki. Gari likizima vile usukani unakuwa mzito ghafla, na breki inabaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili tatu kabla haijawa ngumu kama jiwe, kwa hiyo huna muda wa kushangaa. Nilichepuka pembeni kwa nguvu za mikono yote miwili, vijana wa bodaboda wakasaidia kusukuma. Stata inazunguka vizuri, taa zote zinawaka, injini haishiki. Tukakaa kwenye vumbi mpaka giza likaingia, Mama J amemfunika J pua kwa kitenge chake.

Kisha injini ikakubali yenyewe, kama vile hakuna kilichotokea, tukafika nyumbani.

Sasa, usiku uleule saa tatu tulikuwa tunaandikiana WhatsApp mimi na Mama J. Kuhusu fundi cherehani anayeshona sare za shule, bei zake, na kwamba anaiba kitambaa. Tumecheka kabisa. Hakusema neno kuhusu asubuhi. Ina maana wakati tunacheka, Alphard ilishapangwa. Hapo ndipo panapowasha. Mtu kutafuta usafiri wa uhakika sina ugomvi naye, ana mtoto na ana kazi. Ila ungeniandikia, jirani. Mstari mmoja. Nisingekaa nje ya geti lako nimewasha injini, nachoma mafuta, nakupigia na honi juu.

Nilimsimulia baba watoto kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani Alphard ya nani?" Wanaume.

Turudi kwenye gari, maana huko angalau kuna habari njema.

Fundi wetu wa siku zote alikuwa na jibu moja tangu mwanzo. "Dada, hiyo ni D-4. D-4 haina dawa. Uza, tafuta Noah ile ya zamani ya injini ya 3S, utazeeka nayo." Ukitaja D-4 mjini hapa, kila mtu anakupa pole, hata muuza maji. Na si uongo mtupu. Hizi injini za D-4, kama hii yangu ya 1AZ-FSE, zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, badala ya kuipitisha kwenye mlango wa vali, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazipati mafuta ya kuziosha, masizi yanajijenga. Ukiipuuza, sailensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, inaanza kutetemeka. Lakini masizi ni ugonjwa wa polepole. Hayangojei saa kumi na mbili jioni pale Nzuguni, yakakuachia ukanywa soda, halafu yakaondoka.

Hata hivyo tulifuata njia yake. Throto, ule mlango wa hewa ya injini, ikafunguliwa ikasafishwa, na kweli sailensa ikatulia, nikafurahi hadi iliponizimia tena. Plagi mpya. Filta ya mafuta. Nikaulizwa nimeweka mafuta kituo gani, kana kwamba gari zote za kituo kile zimezima barabarani. Akaunganisha mashine ya kupimia, hakuna kosa hata moja lililoandikwa. Akanitazama, akatazama mashine, akasema, "Kwa hapa gari nzima." Ilikuwa imewaka, imetulia, inanguruma kama haina dhambi. Gari linalokupa tatizo mara mojamoja lina tabia hiyo ya kukuaibisha mbele ya fundi.

Ndipo nikachukua daftari la hesabu la kaka mtu, kurasa za nyuma, nikawa naandika kila ikizima: saa ngapi, mafuta yalikuwa kiasi gani, kiyoyozi kimewaka au la, mwendo au foleni, na mshale wa mizunguko ya injini ulifanyaje. Kaka mtu kachukia maana mwalimu wake ameuliza "AC ON, foleni, mshale chini" ni hesabu gani. Lakini kurasa zilipojaa kidogo jambo likajitokeza lenyewe. Asubuhi kamwe. Barabara ikiwa wazi kwenda Mtumba, kamwe. Ni jioni, jua limepiga kutwa nzima pale maegesho ya ofisi, kisha foleni, kiyoyozi kikiwa kimewaka. Joto. Na likipoa, linawaka.

Jumamosi nikampelekea fundi umeme mmoja kijana kule Chang'ombe ambaye shemeji yangu alinielekeza. Hana banda, ana mwembe na mita. Nilijiandaa kuambiwa D-4 haina dawa. Akawa amekaa juu ya dumu, anakula muwa, akaniuliza:

"Ikizima, inakohoa kwanza au inakata?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wananiambia.

"Inakata."

"Haikupi ishara? Haivutivuti?"

"Hapana. Inakata kama umezima swichi. Na mshale unaanguka sifuri."

Akatema makapi ya muwa, akasema, "Basi mafuta tuyaache kwanza." Akanieleza bila kunifanya mtoto: mafuta yakiwa yanapungua, iwe pampu au filta, gari hulalamika kabla, linakosa nguvu, linakohoa, linavutika. Linapokata ghafla, aghalabu umeme umeondoka, au kompyuta ya gari imepoteza habari kwamba injini inazunguka. Nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote, hata hesabu za kaka mtu, akasema kwenye hesabu za sehemu mtoto amekosea.

Halafu akafanya kitu ambacho huyo mwingine hakukifanya: aliingoja izime. Akafunga boneti, akawasha kiyoyozi, akaiacha ingurume juani, sisi tumekaa kivulini. Tuliongea habari za bei ya mtama, timu za mpira, kila kitu. Mchana ukatukuta hapo. Na nasema ukweli, sijawahi kusubiri gari langu liharibike kwa hamu namna ile. Ilipokata niliruka kwa shangwe, wateja wake wakanitazama.

Akachomeka mashine yake, akaniambia niendelee kupiga stata huku yeye anaangalia. "Njoo uone," akasema. Stata inazunguka, injini inazungushwa, masikio yetu yote yanasikia, lakini kwenye kioo cha mashine mizunguko imeandikwa sifuri. Kompyuta haioni mzunguko wowote. Na isipoona, haitoi cheche wala haipulizi petroli, hata ukipiga stata mpaka betri ife.

Ni sensa ya krenki, ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini. Chini, upande wa puli, pana kisahani chenye meno 34 na pengo la meno mawili. Meno yakipita mbele ya sensa, sensa inatuma ishara, na lile pengo ndilo linaloijulisha kompyuta shafti imefika wapi. Ndani ya sensa pana waya mwembamba umesokotwa mara nyingi sana kuzunguka sumaku. Wa kwetu umechanika mahali. Ukipata joto unatanuka, ncha zinaachana. Ukipoa zinagusana tena. Ndiyo maana kila nikifika gereji iko nzima. Alifungua tairi la mbele kulia, akapenyeza mkono, akaitoa, akapima na mita hapohapo ikiwa ya moto: mita haikusoma kitu. Akaifunga kwenye kitambaa kilichochovywa maji, tukangoja, akapima tena. Omu elfu moja na kitu, yaani waya umegusana tena. Akanipa nishike. Kidude cheusi kidogo kuliko kidole gumba, kina mafuta na vumbi, na plagi yake ina kijino kilichovunjika.

"Hata ungekuwa na gari si D-4, hii ingekuzimia vilevile," akasema.

Hiyo nayo nimeirudia kichwani, ila kwa raha. Nimeirudia hata kwa fundi wa kwanza, kwa simu. Kasema tutaona.

Sensa iliagizwa Kariakoo, ikaja na basi la usiku, nikaipokea stendi asubuhi kabla ya kazi. Sh 85,000 na nauli yake juu, iliyotumika lakini halisi, maana kijana alinikataza zile za bei chee zinazofanana kwa sura tu. Ikafungwa Jumatatu mchana. Tangu hapo nimepita foleni ya jioni kila siku kiyoyozi kikiwa juu kabisa, makusudi, na mshale haujatikisika.

Kwa hiyo gari limepona na viti viwili vya kati viko wazi.

Hapo ndipo nimekwama. Nikimwambia Mama J "limepona," itasikika kama naomba abiria, au nauwaza ule mchango wa mafuta. Nisipomwambia, ataiona Noah inapita asubuhi imenyooka na atajua nimenuna. Na juzi, dada wa kazi kaniambia J alikohoa usiku kucha baada ya lile vumbi la Nzuguni, wakaamka kumfukizia mvuke. J ana kifua tangu mtoto, wote mnajua. Kumbe siku ile mama mtu alikuwa hajalala. Nimelipokea. Limepunguza kitu fulani, kwa mtoto hasa. Lakini saa tatu usiku alikuwa na nguvu za kunichekesha kuhusu fundi cherehani, alikuwa na nguvu za kuniandikia mstari mmoja. Hapo siondoki.

Leo jioni nimemwona anamwagilia maua yake. Akapunga, nami nikapunga. Akaniuliza, "Vipi, mwenzio Singida anaenda lini?" Nikamjibu mwisho wa mwezi. Akasema, "Mh, utakuwa mwenyewe na wale watoto," kwa sauti nzuri kabisa ya ujirani. Noah iko nyuma yangu, nimetoka kuiosha. Hakuiuliza na sikuitaja.

Halafu nimeingia ndani nikakuta jambo lingine. Mzabibu wa uani, ule tuliopewa kipande chake Hombolo na baba mkwe, una unga mweupe kwenye majani ya upande wa bafuni. Niliupangusa kwa kidole. Nimeuliza kwenye grupu la ukoo, shangazi kasema ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, nipige dawa ya salfa haraka kabla haujashika matunda. Lakini vichala vimeshaanza kulainika, watoto wanachuma kimyakimya nikiwa kazini, na kamba ya nguo inapita chini yake. Sasa nikiipiga hiyo salfa leo, zabibu zitalika baada ya siku ngapi? Anayelima Hombolo au Makutupora anijibu kabla ya kesho asubuhi, maana yule mdogo nimemkuta sasa hivi na mbegu mbili mdomoni.