Landrover ya baba na kioo cha mama

Sauti ya kwanza kutoka kwenye ile Landrover baada ya miaka kumi na mbili haikuwa ya injini, ulikuwa mlipuko. PAA! kwenye eksozi, kuku wa mama wakatawanyika mpaka kwenye migomba ya jirani, mbwa akaingia jikoni, na mimi nimekaa kwenye siti mguu uko kwenye klachi naangalia moshi unapanda nawaza basi, nimeshaiua gari ya marehemu. Babu, mzee fundi niliyemtafuta anisaidie, wala hakushtuka. Aliinama kwenye injini, akafuata nyaya za plagi moja moja kwa kidole, akaniuliza, "Hizi nani kapanga?" Nikasema mimi. "Umepanga moja mbili tatu nne, kama mtoto wa chekechea."

Injini ile inachoma silinda zake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, alafu rota ya distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi, inazunguka kinyume na mshale wa saa. Mimi hilo nilikuwa nimelisoma kabisa, nimeliandika kwenye daftari, daftari liko ndani mezani. Basi.

Hiyo ilikuwa Desemba 27, 2018, nyumbani kwetu Soni, Lushoto, chini ya mparachichi ambao ile gari ilikaa toka 2006. Ni Series III 109, pikapu, ya 1976, injini ya petroli ya cc 2286. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, nasema tu maana kuna mtu aliwahi kunibishia kwamba ni spidi. Spidi! Ile ikifika themanini kwenye lami ya Mombo kila kitu kinatetemeka mpaka meno.

Baba aliinunua 1984 kutoka shamba moja la chai lililokuwa linauza magari yaliyochoka. Akawa anabeba kabichi na karoti na mapeasi kutoka Lukozi kushuka Mombo, na juu ya kabichi watu, na juu ya watu mbuzi. Wagonjwa pia, mdogo wangu wa mwisho nusura azaliwe humo kwenye kona za kupanda Lushoto. Miaka ile ya themanini mwanzoni wakubwa mnakumbuka, spea hakuna, petroli ya kuunga unga, Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi mwisho barabarani. Kwahiyo baba akawa fundi kwa lazima. Tangi likivuja anaziba na sabuni ya mche, anasugua sabuni pale kwenye ufa inashika, petroli haiiyeyushi, na anaondoka na mzigo wake. Mimi nikiwa mdogo nilidhani kila tangi la gari lina sabuni.

Alipofariki 2009 gari ilikuwa imeshalala miaka mitatu. Kila mwaka anakuja mtu wa vyuma chakavu, anaizunguka, anapiga teke tairi, anataja bei. Wa mwisho alisema laki tatu. Mama akanipigia simu Tanga nilikokuwa nafanya kazi, akasema mwanangu mimi nyoka wataingia humu, niiuze? Nikamwambia nipe mwaka mmoja. Sijui kwanini nilisema vile, mimi ni mhasibu, sikuwahi kushika spana zaidi ya ile ya kufungia mtungi wa gesi.

Mwaka mmoja wa wikiendi. Sitasimulia yote, maana mengine ni kutu tu na matusi. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, haili kutu, ndo maana kwa nje unaiona nzima unadanganyika. Walianza kuitengeneza 1948 Uingereza, vita imeisha juzi, chuma kinatolewa kwa mgao, wakatumia aluminiamu, bahati yetu. Lakini chesisi ni chuma. Boriti la nyuma nililipiga nyundo kidogo likaingia ndani kama biskuti iliyolowa chai. Na ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dereva, pale unapokanyaga, ulikuwa na tundu nikawa naona majani. Mchomeleaji mmoja alipanda kutoka Mombo na jenereta yake, akakata akaweka bati la milimita tatu, siku nne, pesa yangu ya likizo yote ikaishia hapo. Bolti za springi zilikatwa na grainda zote, hakuna hata moja iliyofunguka kwa heri. Wayaringi panya walikula, hawakuacha kitu.

Injini ilikuwa imekamata, haizunguki. Ndo hapo nilipomtafuta Babu, mzee mmoja wa pale Soni aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji za mashamba, sasa macho yamechoka lakini mikono bado. Akatoa plagi, akamimina kwenye kila silinda dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, akasema tuonane wiki ijayo. Wiki ijayo akaweka gia ya tatu tukawa tunaisukuma mbele nyuma, mbele nyuma, vijana sita, kama tunabembeleza mtoto. Wiki ya tatu ikasema tik. Yaani tik ndogo tu, Babu akatabasamu akaenda zake kwenye mazishi.

Kila aliyepita pale nyumbani alikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: toa hiyo injini weka ya dizeli ya Toyota, hii inakula lita moja kwa kilomita sita, utafilisika. Wako sahihi kabisa. Na wote walimpa Babu ushauri huo, mimi niliyelipia kila kitu nimesimama pembeni na spana mkononi hakuna anayeniangalia, nadhani walijua nimekuja kuleta maji ya kunywa.

Sasa turudi siku yenyewe. Tukapanga nyaya upya. Betri ilikuwa ya kuazima na imechoka, Babu akasema tuache stata, tumia handeli, ule mpini wa kuzungushia injini kwa mkono. Akanionyesha namna ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke, maana injini ikirudisha nyuma handeli itakuvunja gumba, yeye lake liliwahi kuvunjika, akanionyesha, limepinda kweli. Unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini. Nikapampu mafuta kwa ule mkono mdogo wa kwenye pampu mpaka kale kabakuli ka kioo kakajaa, nikavuta. Mara ya tatu ikawaka.

Ikawaka kwa fujo lakini. Moshi mweusi, petroli inachuruzika kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ukiachia mguu inazima. Ukikanyaga inanguruma, ukiachia inazima. Haina sailensa kabisa, yaani haiwezi kuwaka yenyewe taratibu bila mguu kwenye mafuta. Ile kabureta ilikuwa mpya, nimeinunua Gerezani Dar kwa bei iliyoniuma, ya kopi, kwenye boksi zuri. Ile ya baba, Zenith ya zamani, nilishaitoa miezi mingi nyuma nikaitupa kwenye rundo la takataka, ilikuwa imejaa uchafu na niliiona mbovu. Babu akashika bisibisi akacheza na skrubu zote mbili, akafungua kifuniko, akapima boya, akafunga, akafungua. Saa nane mchana akaweka bisibisi chini. "Mjukuu wangu, hii hapana. Ile nyingine iko wapi?"

Aisee. Nilitamani ardhi. Rundo lile lilishachukuliwa na mtu wa vyuma toka mwezi wa tisa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibao pale mlangoni anachambua mboga, siku nzima hajasema neno zaidi ya kuhesabu kuku wanaorudi. Akainuka akaingia chumbani kwake, tukasikia kitu kinaburuzwa uvunguni, akatoka na kopo kubwa la Blue Band. Ndani yake kulikuwa na miwani ya baba, funguo za makufuli yasiyokuwepo tena, redio ndogo bila mfuniko wa betri, na ile Zenith, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Niliiokota," akasema. "We ulikuwa unatupa tu."

Nikaanza kumweleza kwamba mama, hii ni mbovu ndo maana niliitoa, nayo ilikuwa haina sailensa hata zamani, nakumbuka baba alikuwa akisimama Mombo hazimi gari anaweka mguu kwenye mafuta muda wote. Mama akasema siyo muda wote. Ilikuwa inaanza hivyo, alafu anaitengeneza, inakaa mwaka, inaanza tena. "Na kila akiitengeneza ananichukulia kioo changu. Anasugua huyo mdudu wake juu ya kioo. Cha kwanza alikivunja. Mpaka leo sijalipwa."

Babu akamwangalia mama kama anamwona mara ya kwanza. "Alikuwa anasugua na msasa, shemeji?"

"Na msasa na maji. Jumapili nzima."

Babu akacheka mpaka akakohoa. Akaitoa ile kabureta kwenye kanga, akafungua skrubu za kifuniko, akaweka rula ya shule pembeni ya uso wa kifuniko akanipa nichungulie dhidi ya jua. Katikati palikuwa na mwanga. Mwembamba kama uzi, lakini mwanga. Kumbe kile kifuniko kinapinda, kwa joto na kwa watu kukaza sana skrubu, kikipinda hakikai sawa na kiwiliwili, petroli inapenya pasipotakiwa na sailensa inakufa. Ndo ugonjwa wa zile Zenith, Babu alisema anaujua ila alishausahau, miaka mingi hajaziona, siku hizi wote wameweka dizeli.

Kioo tulitoa kwenye fremu ya picha yangu ya mahafali, maana mama aligoma kabisa kutoa cha kwake. Tukakilaza juu ya ubao, msasa laini juu yake umeloweshwa, Babu akachora mistari na kalamu ya wino kwenye uso wote wa kifuniko kama daftari, akaniambia sugua, usikandamize, zungusha kama unaandika nane. Nikasugua. Mistari ya pembeni ikafutika haraka, ya katikati ikabaki vile vile, imekaa bondeni. Unasuuza, unaangalia, unasugua. Mikono yangu ikawa ya kijivu. Ilichukua kama saa moja na nusu mpaka mstari wa mwisho, wa pale katikati, ukaanza kuwa mwembamba, ukakatika vipande viwili, ukaisha. Nilivyoona umeisha nikapiga kelele kama Simba kafunga.

Kale kamviringo ka mpira ka ndani kalikuwa kameoza, tukachomoa cha kwenye kabureta mpya, na nasema hadharani hicho ndo kitu pekee cha maana nilichopata kwenye boksi lile. Gasketi ya chini haikuwepo. Babu akaomba boksi la majani ya chai, akalilaza juu ya kikalio cha kabureta, akachukua nyundo ndogo ya kichwa cha duara akawa anagonga taratibu kufuata kingo, tk tk tk, karatasi inajikata yenyewe kwa ule ukali wa chuma, tundu la katikati, tundu za bolti, sawasawa kabisa. Nilipokuwa nakwangua ile gasketi ya zamani iliyong'ang'ania kwenye injini nikaona vimaandishi vimebaki, rangi nyekundu, nusu ya neno. Na yenyewe ilikuwa boksi la chai. Sikusema kitu, nikaendelea kukwangua maana Babu alikuwa anataka kuwahi magharibi.

Saa kumi na moja na nusu hivi ukungu umeshaanza kushuka kutoka juu, ule wa kwetu wa Desemba unaokuja ghafla. Nikavuta handeli. Mara moja. Ikashika, ikatetemeka, nikakimbilia ndani ya gari kuweka mguu, Babu akanionyesha kwa mkono nisiguse. Nikaacha. Ikabaki inawaka yenyewe. Hakuna mtu kaigusa, inawaka, boneti inacheza cheza, kikombe cha chai cha Babu kwenye fenda kinatembea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.

Mama akaja akasimama mbele pale na ungo wake, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nikadhani analia, nikashuka nimshike, kumbe anasikiliza.

"Siyo hivyo," akasema. "Ya baba yako ilikuwa chini zaidi. Nilikuwa naijua ikiwa bado iko kule kwenye kona, naweka ugali."

Babu akachukua bisibisi, akageuza skrubu robo. Mlio ukashuka. Mama akatikisa kichwa. Robo nyingine. Sasa ikawa inapiga nzito, polepole, karibu kuzima lakini haizimi, dug dug dug dug.

"Hapo," mama akasema.

Tukakaa hivyo wote watatu kama dakika mbili. Alafu akasema tuzime, tunamaliza petroli bure, na nani ataenda kunitafutia kuku wangu wawili ambao bado hawajarudi.