Njiti nne za kiberiti

Mama yangu ameuza vitumbua kwenye baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka 31. Mchele wa kuloweka, tui la nazi, iliki, hamira, vyote kwa jicho tu. Sikumwona hata siku moja akipima kitu kwa kikombe. Alfajiri moja ya mwaka 2021 nilimkuta ameketi mbele ya jiko, kikaango kimeshika moto, mafuta yanafuka moshi, naye ameshika upawa wa unga uliojaa. Akanitazama, akauliza, "Sasa hapa nafanyaje?"

Nilidhani ananitania. Nikampokea upawa, nikamimina, tukaendelea. Vitumbua vya siku ile niliviuza mimi na sikumwambia mtu.

Baadaye dada yangu mkubwa aliponipigia simu nikamweleza. "Uzee huo, mwache apumzike," akasema. Mama alikuwa na miaka 70. Nikakubali upesi, kwa sababu uzee ni jibu lisilohitaji nauli wala kadi ya hospitali. Mjomba yeye alisema ameingiliwa na pepo, tukaenda kwa mganga, tukarudi na kombe na hirizi. Simlaumu mjomba. Anampenda dada yake, na alitafuta kwa njia anayoijua. Lakini kati ya asubuhi ile ya jikoni na siku tuliyomwona daktari ilipita miaka mitatu, na miaka hiyo bado inaniuma.

Siku ya kliniki niliogopa kalamu. Mama hakwenda shule, alisoma chuoni Kurani, basi. Nilikuwa nimesikia kwamba mgonjwa huambiwa achore saa, nami nikajua akipewa karatasi ataona haya tu. Daktari, kijana mdogo, alimwamkia kwanza, "Shikamoo mama," akangoja marahaba yake, kisha akatoa kiberiti mfukoni. Akapanga njiti nne mezani. "Hebu na wewe panga kama hivi."

Mama alipanga tatu sawasawa. Ya nne akaishika, akaigeuzageuza, akaitazama kama hela asiyoijua. Halafu akaitia kwenye pindo la khanga na kulifunga fundo, vilevile anavyofunga chenji. Alipoulizwa daraja ni nini alijibu vizuri: "Pa kuvukia mto." Alipoambiwa ataje wanyama, akasema kuku, mbuzi, paka, kuku, kuku. Maneno aliyosomewa mwanzoni ili ayakumbuke baadaye hayakurudi hata moja. Jioni nilipofungua fundo ili nifue khanga, njiti ilikuwemo pamoja na shilingi mia mbili.

Daktari alinieleza kuwa kipimo kile kilitengenezwa na watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na wengine wa Nigeria, makusudi kwa watu ambao hawakukaa darasani. Huko Hai walikuta kwamba kwa kila wazee 100 wenye miaka 70 na kuendelea, sita hivi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hai, si Ulaya. Majirani wangapi wameniambia haya ni maradhi ya wazungu!

Kabla ya kuutaja ugonjwa alitaka vipimo vya damu: tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende, VVU. Yote hayo yanaweza kumvuruga mtu akili, na mengine yana tiba. Tukapiga na picha ya CT ya kichwa. Presha ilikuwa 180 kwa 100, na dawa zake alikuwa akizimeza siku anazozikumbuka. Akamchungulia masikio, akakuta nta imejaa hadi imekuwa ngumu. Ilipolainishwa na kutolewa, mama alisikia adhana ya msikiti wa mtaa wa pili akauliza, "Leo wamewasha spika?" Wakati wote ule sisi tulikuwa tunasema mama haelewi kwa sababu amesahau, kumbe mengine hakuyasikia kabisa.

Lililonitoa machozi ni vidonge. Mama alikuwa halali usiku, na duka moja la dawa likatupa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio, kwamba vitamletea usingizi. Nilimpa kwa miezi minne. Akawa anaona watu ukutani, anataka kutoka saa nane usiku, choo kinamsumbua. Daktari akaniambia niviache siku hiyohiyo. Seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ugonjwa huu unaipunguza, na vidonge vile vinaizuia hata ile kidogo iliyobaki. Baada ya wiki mbili wale watu wa ukutani waliondoka. Nakuomba wewe unayesoma: kama kuna mzee nyumbani, chukua dawa zake zote, hata za dukani, umwonyeshe daktari.

Daktari alisema yaelekea ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Daktari ambaye ugonjwa umepewa jina lake, Alois Alzheimer, alieleza habari zake Ujerumani mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mama mmoja, Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55. Protini mbili, amiloidi na tau, hujikusanya ndani ya ubongo miaka mingi kabla mtu hajasahau chochote. Kwa hiyo asubuhi ile ya upawa haikuwa mwanzo.

Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu duniani. Nilikaa nikamhesabia mama: kutosoma shule, masikio, presha, moshi wa kuni miaka yote ile, upweke tangu baba afariki. Mengine yalishapita. Masikio na presha yalikuwa mikononi mwetu.

Sasa anameza donepezili, kidonge kimoja usiku. Inaiongezea nguvu ile asetilikolini. Haiponyi, na haiuzuii ugonjwa usiendelee. Binamu yangu wa Muscat alinitumia habari za dawa mpya, lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Nilimpelekea daktari nikiwa na matumaini makubwa. Akanieleza kwa upole kwamba zinaondoa amiloidi na kupunguza kasi tu, zinafaa walio mwanzoni kabisa, kwa kawaida hutolewa kwa dripu, na lazima ubongo upigwe picha za MRI mara kwa mara maana unaweza kuvimba au kuvuja damu. Mama ameshapita hapo.

Na mimi? Nina miaka 46, ni fundi cherehani, na kila nikipoteza mkasi moyo unashtuka. Aina inayorithiwa moja kwa moja ni adimu, na huanza mapema kuliko alivyoanza mama. Kuwa na mzazi mgonjwa kunaongeza uwezekano, hakukati hukumu. Nimepima presha, nimeanza dawa, na jioni natembea hadi Raskazone na shoga yangu.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake ngumu. Anataka kwenda kwao, naye yuko kwao. Sibishani naye tena. Namletea ungo wa mchele, anakaa barazani anachambua, na mikono inajua kazi yake. Jana alitoa vijiwe saba. Niliurudia mchele wote nyuma yake, sikupata cha nane. Akauliza kesho tuna oda ya vitumbua vingapi. Nikamwambia mia mbili.

"Basi tuloweke sasa hivi," akasema.

Tukaloweka kikombe kimoja.